Kamera ya Kuinamia

Jino la juu la baba yangu, la pili kutoka katikati, halipo. Nililijua hilo kwa kuona picha, na picha yenyewe ilipigwa na mtu mwingine.

Ilikuwa Jumamosi, katika mkutano wetu wa kusomeana. Tuko wachache, hatufiki kumi, tunakutana katika chumba cha nyuma cha maktaba moja hapa Kisangani. Kila mmoja huja na karatasi zake au simu yake, husoma alichoandika wiki hiyo, kisha tunakosoana bila huruma. Siku hiyo nilisoma sura ya nne ya riwaya yangu, sura ya baba. Nilikuwa nimeiandika mara sita. Nilipomaliza, nikaziweka karatasi chini. Halafu mmoja wetu akasema, kwa ule upole unaouma kuliko tusi:

"Ma chère, lugha iko muzuri sana. Lakini ule papa hana uso."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Baba wa sura yangu anatembea, anakohoa, anapiga pasi suruali yake ya zamani ya kazi ya reli, lakini uso hana.

Nilikuwa bado nazikusanya karatasi zangu wakati rafiki yangu alipofungua bahasha.

Rafiki huyu anaandika mashairi. Tangu mwaka jana anapiga picha pia, kwa kamera ya zamani ya mkanda mpana ambayo mjomba wake alimpatia Kampala. Ni sanduku lenye macho mawili, moja juu ya jingine, na negatifu yake ni ya mraba, pana kama kisanduku cha kiberiti kikubwa, si vile vipande vidogo vya kamera za harusi za utotoni mwetu. Alitoa picha tano zilizosafishwa vizuri akazipitisha mkono kwa mkono. Ya tatu ilikuwa baba yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha chuma, barazani kwake Lubunga, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho. Anacheka. Mdomo umefunguka wote, macho yamefinyana, na pale juu kuna kishimo cheusi cha jino ambalo mimi, mwanawe wa pekee, sikujua limekwenda.

"Nani huyu?" mtu akauliza. "Huyu iko riwaya nzima!"

"Ni papa yake," rafiki yangu akasema, akinionyesha kwa kidole, kwa furaha safi kabisa.

Wote wakanigeukia. Nikatabasamu. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko lile tabasamu.

Siku yenyewe niliikumbuka vizuri. Wiki tatu kabla, nilikuwa nimevuka mto na rafiki yangu kwenda kumwamkia baba, kama ninavyofanya kila Jumapili. Mimi niliingia jikoni kutwanga na kupika pondu, majani ya muhogo, yeye akabaki nje na kamera yake. Nikiwa nimeinama juu ya sufuria, nilisikia mwanamume anacheka. Nilidhani ni redio ya jirani. Ndivyo ilivyokuwa: baba yangu alicheka mita kumi kutoka nilipo, nami sikuitambua sauti. Tangu mama afariki, kitu kikimchekesha huleta ngumi mdomoni na kukohoa. Mwaka mzima nilitafuta njia ya kuiandika ile ngumi. Rafiki yangu alipita nyuma ya ngumi hiyo kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho, akarudi na jino.

Niliiomba ile picha. Akanipa bila kusita, na hilo nalo likanikera. Nilitaka aninyime kidogo.

Usiku wa siku hiyo sikuandika neno. Kesho yake niliamua kwamba tatizo langu ni chombo. Kalamu haitoshi, nami nitapata kamera, ya mkanda mpana, na nitampiga baba picha ambayo itaifanya ile ya kwanza ionekane kama picha ya kitambulisho. Niliyasema haya moyoni kwa maneno hayo hayo.

Mtaani Mangobo kuna mzee aliyekuwa na studio tangu enzi ambazo watu walivaa suti kwenda kupigwa picha. Sasa anapiga picha za hati kwa kamera ndogo ya kisasa, na mashine ya kutolea nakala ndiyo inayomlisha. Lakini mitambo yake ya zamani hakuitupa. Tunamwita tonton, yaani mjomba, kama mtaa wote unavyomwita. Nilimkuta anakula ndizi ya kuchoma kwenye gazeti. Nilipomwambia ninachotaka, alifuta vidole kimoja kimoja, akafunga mlango, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza.

Ndani kulikuwa na mikebe miwili ya maziwa ya unga, kila mmoja umefungwa kwa utepe mweusi. Aliufungua wa kwanza. Chini kulikuwa na mchele uliokaangwa ukawa kahawia, na juu ya mchele kitambaa, na ndani ya kitambaa kamera.

"Muchele unakunywa maji ya hewa," alisema. "Hapa kwetu, ukiacha lenzi katika ngozi yake, ile ngozi ya muzuri watu wanapendaka, mwaka moja tu, uyoga unaota ndani ya kioo. Uko unapiga picha, unapiga uyoga."

Akawasha tochi ya simu yangu, akanionyesha jinsi ya kuangaza lenzi kwa pembeni na kutafuta nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui. Hakukuwa na kitu. Kioo kilikuwa safi kama jicho la mtoto mchanga.

Hiyo ya kwanza ilikuwa sanduku la macho mawili, ndugu ya ile ya rafiki yangu, isipokuwa hii ilikuwa imekwaruzwa hadi rangi imetoka kwenye kona zote. Unaining'iniza tumboni, unafungua kifuniko cha juu, unainama, na kila kilicho mbele yako kinaonekana kwenye kioo cha ukungu, kushoto kumekuwa kulia. Mkanda mmoja unatoa picha kumi na mbili.

Mkebe wa pili ulikuwa na kamera ya kukunja. Imefungwa, ilikuwa bapa kama kitabu cha nyimbo. Alibonyeza kifungo na mlango ukafunguka, lenzi ikatoka mbele kwenye mfuko wake mweusi wa mikunjo, kama kinanda cha kuvuta. Ilikuwa nzuri. Nikauliza ukubwa wa negatifu. Akachora kwa kidole juu ya gazeti: mraba wa ile ya kwanza, halafu pembeni yake mstatili uliozidi kwa nusu nzima.

"Mkanda ni huo huo," alisema, "lakini hii inakula sana. Inakupa picha nane tu."

Nusu nzima zaidi. Sikusikia mengine. Nilikuwa tayari naona Jumamosi, bahasha yangu inafunguka, na rafiki yangu anapima picha zangu kwa macho.

"Unataka kupiga nini?" tonton akauliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, tonton."

Alinitazama. "Watu tu hakunaka. Bon. Hii ya kukunja haina kitu ya kukuonyesha kama picha iko wazi ao iko na ukungu. Unapaswa kujua umbali, unauandika hapa kwa lenzi: mita moja na nusu, mbili, tatu. Mi nilikuwa napiga nayo majengo, na madaraja. Nyumba haichokake. Kwa mutu, kamata hii ya kuinamia."

"Ile rafiki yangu anayo."

"Na kama rafiki yako ana mume, utakataa mume?"

Nilicheka, nikachukua ya kukunja. Bei za zote mbili zilikaribiana, kwa hiyo hata kisingizio hicho sikuwa nacho. Tonton hakubishana. Aliniambia tu desturi yake: kwake kamera haiuzwi siku ya kwanza, inaposwa. Unaondoka nayo pamoja na mkanda mmoja anaoutoa yeye. Ukiumaliza, unarudi, anausafisha, mnazitazama picha pamoja, na hapo ndipo unasema ndiyo au unabadilisha.

"Wengi wanasema 'ndiyo' kwa sababu wanaona haya," alisema. "Weye usione haya."

Jumapili nilivuka mto kwa mtumbwi nikiwa na kamera ndani ya khanga, mapajani. Safari hii sikupika. Nilikwenda moja kwa moja barazani, nikamwamkia baba, nikamwambia nimekuja kumpiga picha.

"Tena? Juzi yule mwenzako alipiga."

"Hii iko kubwa, papa."

Alikwenda ndani, akarudi na koti. Alikaa kwenye kiti kile kile cha chuma. Nami nilikuwa nimejiandaa: nimeazima mita ya utepe kwa fundi wa nguo jirani yangu, ili umbali uwe sahihi hadi sentimita. Sikutaka picha moja ipotee. Nilimwomba baba ashike ncha ya utepe kwenye paji la uso wake, katikati ya macho. Akawa hajaelewa, kwa hiyo nikaibandika mwenyewe kwa kidole, nikarudi nyuma nikiuvuta. Mita moja na sentimita themanini. Nikaandika kwenye daftari. Nikasogea tena kupima kutoka kidevuni, kwa ajili ya picha ya karibu.

Baba alikuwa ametulia. Nilidhani ni utulivu mzuri, ule ambao wapiga picha wanauomba. Nikainua kamera hadi jichoni, nikafumba jicho la pili, nikafyatua. Nikasogeza mkanda hadi namba mbili ikaonekana kwenye kidirisha chekundu cha nyuma.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado, papa. Cheka kidogo."

Hakucheka. Hakuleta hata ngumi mdomoni. Picha ya tatu, nilipousogeza utepe tena usoni pake, aliushika mkono wangu.

"Mama," alisema. Baba huniita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Menuisier, fundi wa mbao, alikuja hapa na mita kama hii. Alisimama pale pale unasimama. Alipima mama yako, akaandika kwa kipande ya karatasi, kama vile unaandika."

Sikuwa nimeliona hilo. Siku ya mazishi nilikuwa jikoni na shangazi zangu. Aliyeingia kumpima mama kwa ajili ya jeneza sikumwona. Baba ndiye aliyemshikia utepe.

"Mutu iko muzima hawamupimake tangu usoni," akasema. "Fundi wa nguo anapima mugongo, anapima mikono. Uso hapana."

Ningepaswa kuacha pale. Mtu mwenye heshima angeacha, angekunja utepe, angekwenda kuwasha moto. Lakini kwenye kidirisha chekundu kulikuwa na namba tatu, na kichwani mwangu kulikuwa na kishimo cha jino. Nikasema, "Samahani, papa, basi bila mita." Nikapiga ya tatu. Nikapiga zote hadi nane. Alikaa akinitazama ndani ya lenzi, mikono magotini, hadi nilipomaliza, kisha akaingia ndani kuvua koti.

Tonton aliusafisha mkanda siku iliyofuata, katika chumba chake cha giza kinachonuka siki. Aliziweka negatifu moja kwa moja juu ya karatasi, na picha nane zikatokea ndani ya beseni, moja baada ya nyingine, kubwa, wazi, kila unywele wa nyusi unahesabika. Umbali ulikuwa sahihi kabisa. Na katika zote nane alikuwa mzee anayesubiri mtu amalize kuandika.

"Nani huyu?" tonton akauliza.

"Watu tu," nikasema.

Hakunicheka. Aliinua ya tano kwa koleo, ikawa inadondoka maji. "Kwa nini ananitazama hivi? Ulimufanya nini?"

Nikamweleza kuhusu baba na mita. Akawa anatikisa beseni ingawa picha zilikuwa zimekwisha kutokea. Halafu akafungua sanduku la bati, akautoa mkebe wa kwanza.

"Hii haipimi mutu," alisema. "Unazungusha kitufe mpaka kioo inakuwa wazi, basi. Na kichwa chako kinakuwa chini. Weye mutoto wa Lubunga, unasimamaka mbele ya papa yako, jicho kwa jicho, namna ile, na chuma mbele?"

"Hapana."

"Donc, kamata hii."

Nilibadilisha. Lakini mkanda wa posa ni mmoja tu, na wa pili tonton hakuwa nao. Mikanda ya siku hizi hapa mjini anayo mtu mmoja, anayeletewa na mjomba wake kutoka Kampala. Siku nne nilikaa na kamera tupu. Niliifungua, niliinama, nilitembea nayo uani kwangu, nikajifunza kwamba ukitaka kitu kiende kulia unasogea kinyume na unavyodhani. Siku ya tano nikamwandikia rafiki yangu. Alikuja mwenyewe, na pikipiki, kabla sijamaliza kujuta.

"Umenunua! Na hukuniambia!" Aliigeuza kamera mkononi, akaipuliza vumbi, akaizungusha vitufe kama mtu anayemkagua mtoto wa dada yake. "Sasa tuko mapacha. Chukua mkanda. Chukua, ma chère, wachana na pesa. Utapiga nani?"

"Bado sijajua," nikasema.

Jumapili hiyo kulikuwa na mawingu, mwanga laini usio na kivuli. Baba alipoiona kamera ikining'inia kifuani pangu aliangalia kwanza mikono yangu.

"Mita iko wapi?"

"Nilirudisha, papa."

Akakaa. Hakwenda kutafuta koti. Nikafungua kifuniko, nikainama, na yeye akakohoa kwenye ngumi.

"Njo vile mwenzako aliinama," alisema. "Alikuwa anaenda huku, anataka huku. Namwambia, mama, angalia beseni. Anaangalia ndani ya kisanduku yake tu. Akarudi nyuma, pwaa! Akakaa ndani ya maji ya kuosha pondu, mikono juu, kamera kavu. Akapiga vile vile akiwa amekaa."

Kumbe. Nikakumbuka kwamba siku ile rafiki yangu alivuka mto jioni akiwa amejifunga khanga yangu, na aliniambia amejimwagia maji. Kicheko kile nilichokionea wivu wiki mbili nzima kilikuwa cha makalio yaliyoangukia kwenye beseni. Ningepaswa kupoa. Badala yake nikaona wivu upya, hata wa lile anguko: mimi nilikuwa nimefanya mazoezi siku nne uani ili nisikosee hatua hata moja.

Nikazungusha kitufe. Kwenye kioo cha ukungu baba akaja polepole, kama mtu anayetoka kwenye mvuke: kola, kidevu, macho. Sikuwa nimewahi kumtazama hivyo. Mbele ya baba macho yangu hushuka, ndivyo nilivyolelewa. Na sasa yalikuwa yameshuka, na huko chini ndiko alikokuwa. Nilimtazama kadiri nilivyotaka. Niliona alama ya miwani puani, na ndevu alizokosa kunyoa chini ya taya. Nilipiga moja, mbili, sita. Hakucheka. Nilianza kusikia uchungu ule ule ukipanda, nikihesabu zilizobaki.

"Nani alikusuka?" akauliza.

"Mi mwenyewe, papa."

"Nyuma umeacha."

Hakuwa anaitazama kamera. Alikuwa anautazama utosi wangu, ambao nao, kwa sababu ya kuinama, ulikuwa mbele yake kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mdogo. "Mama yako naye aliachaka pale pale," alisema. "Mkono wake haukufika. Mi njo nilikuwa namumalizia."

Kwenye kioo nikauona mkono ukinyanyuka, ukija kutoka upande usio wake. Nilikuwa nimejifunza; nilijua niende wapi kuukwepa ili nisiharibu picha. Nikabaki. Vidole vikagusa ile sehemu ya nyuma niliyoisahau, nami nikafyatua.

Tonton aliisafisha. Mkono umekuwa ukungu mweupe unaokula nusu ya mraba, na nyuma yake, wazi kabisa, uso wa baba, mdomo umefunguka kidogo, ukisema neno ambalo mimi peke yangu najua lilikuwa neno gani. Jino halionekani. Tonton aliitazama, akanipa mkono kama wanavyopeana kwenye harusi, akasema, "Sasa kamera ni mke wako."

Nimeiweka katika bahasha, ndani ya muswada wangu, kwenye sura ya nne. Sura yenyewe bado sijaigusa.

Jumamosi iliyofuata rafiki yangu alinishikia kiti karibu naye. "Umepiga? Alors? Leta tuone!"

Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kati ya miguu yangu. Niliona watu wote wakingoja, na nikaona uso wa baba ukipita mkono kwa mkono, mtu akisema tena kwamba huyu ni riwaya nzima, na yeye, rafiki yangu, akiinama kuutazama kwa macho yale yanayojua kutazama.

"Haikutoka," nikasema. "Mwanga uliingia ndani."

"Yote?"

"Yote kumi na mbili."

"Pole sana, ma chère. Hata mimi wa kwanza uliungua wote." Na palepale, mbele ya kila mtu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkanda mwingine, ungali katika karatasi yake ya fedha, akaniwekea kiganjani.

Nikaupokea kwa mikono miwili.